Kabla ya kumpa ukurasa mwingine wa kunakili

Mwalimu mwenzangu unayeanza na darasa la wadogo, hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na mtoto anayehangaika kuandika: wenzake wamemaliza sentensi tatu, yeye bado yuko kwenye neno la pili na karatasi imetoboka kwa kufutwafutwa. Wa kwanza kwangu nilimpa ukurasa wa kunakili kila siku. Wiki zikapita, mwandiko ukabaki uleule, ila sasa kila kipindi cha kuandika tumbo lilimuuma. Ninajuta hadi leo.

Nilidhani kuandika ni kazi moja. Kumbe mtoto anapoandika "kitabu" hulishika neno kichwani, husikiliza sauti zake, hukumbuka umbo la kila herufi, huongoza vidole na kufuata mstari, yote kwa pamoja. Kimoja kikikwama, vingine husimama. Tafuta kwanza kilichokwama.

Mimi hutumia kadi za herufi. Mtajie neno alipange mezani bila penseli. Akilipanga sawasawa lakini akiliandika linasambaratika, shida iko mkononi. Akilikosea hata kwa kadi, shida iko kwenye sauti, na kumrekebisha mwandiko ni kumchosha bure.

Ikiwa ni mkono, tazama anavyokaa kabla ya anavyoandika. Miguu ikining'inia, mwili wote huyumba. Mpe kipande kifupi cha penseli, maana kinawalazimisha gumba, kidole cha shahada na cha kati kushirikiana. Mwache aandike herufi kubwa ubaoni kwa chaki, afinyange udongo, achane karatasi. Fundisha pamoja herufi zinazoanza kwa mwendo mmoja, kama a, d, g na o. Dakika kumi kila siku zinatosha. Anayetumia mkono wa kushoto usimbadilishe; iinamishe karatasi yake kuelekea kulia na umwambie ashike penseli juu kidogo ili aone anachoandika.

Ikiwa ni sauti, Kiswahili kinatubeba, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Hata hivyo nimeona wengi wakiandika "buzi" badala ya "mbuzi" na "dege" badala ya "ndege". Kupiga makofi ya silabi hakutoshi hapo, kwa sababu m na n hizo zimeungana na silabi inayofuata. Mwambie aguse pua yake huku akitamka polepole. Atausikia mtetemo kabla ya b au d. Hapo ndipo aandike.

Kugeuza b na d ni kawaida kwa mtoto wa miaka mitano au sita, usimwaibishe.

Kuna pia mwenye hadithi tele kichwani ambaye daftari lake halina kitu. Huyo mwandikie. Akusimulie, uandike maneno yake vilevile alivyoyasema, kisha yeye aandike sentensi moja tu kati ya hizo. Siku nyingine aandike mbili. Sahihisha kosa la aina moja kwa siku, mengine yapite.

Weka kurasa zake zenye tarehe. Miezi ikipita bila badiliko lolote, kaa na wazazi mkiwa na kurasa hizo, uwaulize kwanza kuhusu macho na masikio ya mtoto. Yakiwa salama, mwombe mtaalamu amchunguze, kwani huenda ni disigrafia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kuandika. Wazazi waambie pia anachokiweza, na uanze nacho, mtoto akiwa anasikia.