Gesi ndiyo inayosema
Kaka umeuliza wanasayansi wanajuaje kuna shimo jeusi, yani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki, katikati ya galaksi ya M87 na halitoi mwanga. Wanaangalia gesi. Simama steji ya Thika Road usiku, matatu ikija mbio dereva ameshikilia honi, sauti inakuja nyembamba, ikishakupita tu inashuka inakuwa nzito, na honi ni ileile. Mwanga nao uko hivyohivyo, kitu kikikujia rangi inasogea upande wa bluu, kikienda mbali inasogea kwa nyekundu. Sasa 1994 darubini ya Hubble, ile iliyo angani, ikaelekezwa kwa ile sahani ya gesi inayozunguka kiini cha M87, wakapima upande mmoja wakakuta gesi inakuja huku kwetu, upande wa pili inaenda, kasi kama kilomita 550 kwa sekunde, na hapo ni miaka ya mwanga kama 60 tu kutoka katikati, yani umbali ambao mwanga unauenda kwa miaka 60. Gesi ikikimbia hivyo na haitoroki lazima kuna kitu kizito sana kinaishika, kupiga hesabu ni zaidi ya majua bilioni 2, na nyota za pale ukizijumlisha hazifikii hata karibu. Ile picha ya 2019 ya pete ya mwanga kuzunguka hilo shimo ilikuja miaka 25 baadaye, tena ni darubini za redio za hapa duniani zilizoipiga, si Hubble. Lakini mimi sahani ya gesi ndio hunishika zaidi, yani mwanga umesafiri miaka milioni 50 na kitu na bado umefika na habari ya upande gani ulikuwa unakuja na upande gani unaenda.