Kabla ya Kuhamia Tanga kwa Kazi ya Kompyuta

Nilipopata kazi ya kusimamia mifumo ya kompyuta katika kampuni moja ya uwakala wa forodha mjini Tanga, nilikuwa sijawahi kuishi nje ya Dar es Salaam, na safari ya takriban kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera niliiona kuwa jambo dogo. Kilichonigharimu ni kodi ya nyumba. Kabla sijafika nilimtumia dalali fedha za miezi sita kwa nyumba niliyoiona katika picha za simu tu, kisha usiku wa kwanza nikabaini kwamba intaneti ndani ya vyumba vile haikutosha hata kufungua mfumo wa ofisi, ilhali kazi yangu ilinitaka niwe tayari saa yoyote seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine za ofisi, inapokwama. Mwezi wa pili nilihama, na fedha hazikurudi.

Kwa hiyo namsihi kila anayehamia mji mgeni kwa kazi kama hii alale gesti wiki mbili kwanza, hata kama gharama inauma. Nyumba unayoitamani iendee usiku, kati ya saa mbili na saa nne, wakati watu wengi wamo kwenye simu zao, upime kasi ya intaneti ukiwa chumbani penyewe. Habari za kukatika kwa umeme waulize majirani, si dalali. Mtu wa Dar es Salaam huchagua mtaa kwa kuhofia foleni, lakini Tanga, ambako wengi huenda kazini kwa baiskeli, kipimo hicho hakikusaidii sana. Mtaa wa Raskazone, ulio kando ya bahari, una upepo mzuri, ila upepo huohuo hubeba chumvi inayokula vyuma, na mimi mwenyewe nimekuta kutu kwenye matundu ya nyaya za kompyuta iliyowekwa karibu na dirisha.

Jambo ninalotamani ningelijua mapema zaidi limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 35 kinasema kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Maana yake ni kwamba ukimlipa mwenye nyumba miezi sita kwa mkupuo mara tu ufikapo, umeifunga akiba yako katika kipindi kilekile ambacho kazi yako ina ulinzi mdogo kabisa. Mwenye nyumba wangu wa pili alikubali miezi mitatu baada ya kuuona mkataba wangu na kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa. Basi omba, usione haya.

Kifungu cha 43 nacho kinamtaka mwajiri, mkataba unapokoma mahali pasipo pale ulipoajiriwa, akusafirishe pamoja na mizigo yako hadi pale ulipoajiriwa, au agharimie safari hiyo. Mkataba wangu ulitaja Tanga kuwa mahali nilipoajiriwa, ingawa usaili na makubaliano yote yalifanyika Dar es Salaam, nami nilitia saini bila kuuliza. Mstari huo usome mara mbili.

Kuhusu watu nina moja tu. Mwanzoni niliingia ofisi za wenzangu na kuiendea mashine moja kwa moja, na kwa wiki tatu hakuna aliyenieleza kosa lilianzaje. Nilipojifunza kuketi, kuamkia na kuulizana hali kwanza, karani mmoja mtu mzima aliniambia, “Mwanangu, mbona mfumo huu hukwama kila nikichapa ankara mbili kwa pamoja?” Tatizo hilo nilikuwa nikilitafuta kwenye seva muda wote huo.