Mtoto Mdogo Tumsemeshe Kitoto ama Tuongee Naye Kama Mtu Mzima?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi niko na mtoto mmoja wa kike, ako na mwaka mmoja na miezi saba, tunakaa Busia upande wa Uganda. Mzee wangu ni polisi, mimi nauza nguo pale karibu na bodaa, nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu ndio tulianza nacho. Mama mkwe ni Msamia anamwongelea mtoto Lusamia, na msichana anayenisaidia kazi ametoka Iganga, yeye ni Lusoga siku nzima. Sasa shida ni hii, mimi nikishika mtoto sauti inabadilika yenyewe, inakuwa nyembamba, navuta maneno, "naaani anataka nyonyo, naaani ameenda pupu", na mtoto anacheka mpaka anaanguka. Mzee hataki kabisa. Anasema namharibia mtoto ulimi, ataenda nasari watoto wenzake wamchekelee, na eti kwao hakuna mtu aliongeleshwa hivyo, na wote wanaongea vizuri. Juzi mtoto amesema "taka mazi" na mimi nikamjibu "utataka mazi, chukua mazi yako", basi mzee akatoka nje amekasirika, mpaka chakula amekula saa nne usiku. Nani ako na haki hapa? Na hizi lugha tatu zisiwe ndio zinamchanganya?
Mama wa binti, Busia

JIBU: Mama wa binti, karibu sana. Barua yako nimeisoma yote na nitaijibu yote, ila nianze na lile lililowagombanisha, maana mtu kula saa nne usiku kwa sababu ya neno moja la mtoto ni jambo la kumaliza haraka. Ile sauti yako usiiache. Hayo "mazi" ndiyo uache.

Watu wengi wanachanganya hapo. Wakisema "kusema kitoto" wanaweka ndani ya gunia moja vitu viwili ambavyo havifanani. Kuna kubadilisha sauti, unapandisha, unapunguza mwendo, unavuta vokali, unarudia, lakini maneno ni yaleyale ya watu wote. Halafu kuna kuvunja maneno yenyewe, maji yanakuwa mazi, rafiki anakuwa lafiki. La kwanza linamsaidia mtoto na hilo limepimwa mara nyingi. La pili halimuui mtu, lakini faida yake siioni.

Mwaka 1985 mtafiti Anne Fernald kule Marekani aliwapa watoto wa miezi minne nafasi ya kuchagua, wakigeuza kichwa upande huu wanasikia mwanamke anaongea kama anaongea na mtoto, wakigeuza upande ule wanasikia anaongea na mtu mzima, na wengi waligeukia zaidi upande wa ile sauti ya kitoto. Mwaka 2020 jambo hilohilo lilirudiwa na maabara 67, watoto 2,329 kutoka Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Asia na Australia, na jibu lilikuwa lile lile, watoto wanaipenda sauti hiyo. Afrika haikuwemo kwenye hesabu hiyo na hilo linaniuma, maana watoto wetu ndio wanalelewa na watu wengi na lugha nyingi kwa pamoja, wao ndio wangetufundisha mengi.

Na siyo kupenda tu. Patricia Kuhl na wenzake walirekodi akina mama wa Marekani, Urusi na Sweden mwaka 1997, wakakuta mama akiongea na mtoto mchanga anatamka zile vokali a, i na u kwa upana zaidi kuliko akiongea na mtu mzima, zinatengana vizuri, mtoto anasikia kwamba hii ni moja na ile ni nyingine. Sasa wewe ukisema "maaaji" unafanya nini? Umempa ile a wazi kabisa aishike. Kwa Kiswahili hilo ni jambo kubwa kwa sababu vokali zetu ni tano tu na karibu kila silabi inabebwa nazo.

Sasa nimgeukie mzee, naye nisimdharau kwa sababu aliyosema kuhusu kwao yanawezekana kabisa kuwa kweli. Elinor Ochs alikaa Samoa, Bambi Schieffelin alikaa na watu wanaoitwa Kaluli huko Papua New Guinea, na mwaka 1984 waliandika kwamba huko watu wazima hawana desturi ya kurahisisha maneno kwa ajili ya mtoto, na bado watoto wanaongea kama kawaida. Kwa hiyo mzee akisema alikua bila hiyo sauti na leo anaandika statementi polisi bila shida, mimi namwamini. Lakini mtoto wa nyumba kama hiyo hakai kimya peke yake, anabebwa, anakaa katikati ya dada na kaka na binamu, anasikia watu wanaongea kutwa nzima. Kwenu Busia nyumba ni ndogo, baba yuko zamu, mama yuko sokoni. Mtu akiondoa ile sauti ya kucheza na mtoto na asiweke kitu kingine mahali pake, nini kimebaki? Redio.

Mimi naona jambo ambalo nyote wawili mnaweza kukubaliana ni kumjibu. Hapa kwetu Uganda, mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth alitembelea vijiji vya Waganda karibu na Kampala akiangalia watoto 28 na mama zao. Hakuwa anapima lugha, alikuwa anaangalia mtoto anavyomshikilia mama. Aliona kwamba mama aliyeweza kueleza mambo ya mtoto wake kwa undani, huyu akilia hivi ana njaa, akilia vile amechoka, mtoto wake ndiye alikuwa ametulia na kumtegemea, na kutokana na kazi hiyo ya vijijini kwetu dunia nzima ikaanza kusoma habari za mtoto na mama kwa namna mpya. Mtu anayemjua mtoto hivyo huwa anamsikiliza. Na mtoto anayesikilizwa anajaribu tena kusema.

Basi akisema "taka mazi", usimwambie "sema vizuri", usimcheke, usimrudishie mazi yake. Mjibu tu: "Ee, unataka maji. Maji haya hapa, maji baridi." Amelisikia neno zima mara tatu, na amepata maji, na hakuna mtu amemuaibisha. Hiyo "taka" bila "nina" mbele wala isikutishe, Kamil Deen alifuatilia watoto wanaojifunza Kiswahili pale Nairobi na akakuta kwamba kuangusha hivyo viambishi vya mwanzo ni hatua ya kawaida kwao, wanaviokota baadaye wenyewe kwa kusikia. Hata sisi watu wazima tukiongea haraka tunaviangusha, sikiliza makonda wa teksi.

Nyonyo na pupu ziache zikae. Kila mahali watoto wana maneno yao ya kwanza, Charles Ferguson alilinganisha lugha sita mwaka 1964, Kiarabu na Kihispania zikiwemo, zote alikuta zina maneno ya namna hiyo, mafupi, yenye kurudiwa. Yanaondoka yenyewe mtoto akianza kucheza na wenzake.

Kuhusu lugha tatu, wala usiwe na wasiwasi, lugha nyingi hazimfanyi mtoto achelewe. Ukitaka kujua ako na maneno mangapi, hesabu ya Lusamia, ya Lusoga na ya Kiswahili yote kwa pamoja, maana ukihesabu Kiswahili peke yake utasema yuko nyuma kumbe hayuko. Wala usimnyamazishe nyanya yake. Tangu 2007 hapa Uganda P1 mpaka P3, yaani darasa la kwanza mpaka la tatu, wanafundishwa kwa lugha ya mahali, kwa hiyo Lusamia kitamsaidia darasani, na Kiswahili nacho baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kiwe cha lazima msingi na sekondari. Mtoto wako ana mtaji ambao watu wengine wanaulipia tyusheni.

Mzee mpe kazi inayomfaa. Aongee kama kawaida yake, lakini achutame, uso wake uwe mbele ya uso wa mtoto, na amwambie anachofanya: "Navua viatu. Kiatu kimoja. Kiatu cha pili. Viatu vya baba vina matope." Halafu anyamaze kidogo amsubiri. Hata mtoto akisema "aa" tu, hilo ni jibu, naye amjibu. Wewe endelea na uimbaji wako. Mtoto anaweza kuwa na mama mwenye sauti ile na baba mwenye sauti nyingine, hakuna kitakachoharibika.

SWALI: Sister, mimi ni dereva wa trela, naendesha Mombasa hadi Juba, napita Malaba natokea Elegu, nyumbani ni Tororo. Kijana wangu ana miaka miwili. Namtumia sauti kwa WhatsApp kila usiku, hadithi, salamu, na mama yake anasema anasikiliza sana. Je hiyo inamfundisha kuongea? Na niongee kitoto ama kawaida?
Baba wa barabarani

JIBU: Baba, hiyo sauti yako usiiache, mtoto anaijua na anakukumbuka nayo. Lakini kwa kujifunza maneno piga simu ya video kuliko kumtumia rekodi. Mwaka 2003 Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa Kichina kwa vipindi 12. Waliokaa na mtu mwenyewe wakajifunza kutofautisha sauti za Kichina, waliowekewa mtu huyohuyo kwa tivii ama kwa sauti tu hawakupata kitu. Baadaye, 2014, utafiti mwingine na watoto wa kati ya miaka miwili na miwili na nusu ukaonyesha kwamba simu ya video ya moja kwa moja inafanya kazi, kwa sababu mtu wa upande ule anajibu kile mtoto amefanya sasa hivi. Rekodi haijui kama mtoto ameonyesha kidole kwa mbuzi.

Kwa hiyo ukipaki Elegu unangoja karatasi, ukiwa na data, piga dakika tano. Muulize ameshika nini mkononi, taja hicho kitu, ngoja ajibu, mwonyeshe tairi, sema "tairi, tairi kuubwa". Sauti ya kupandisha itumie bila aibu hata kama madereva wenzako wako hapo. Ila simu ikikatika mama aichukue, asimwachie katuni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya miaka miwili skrini za kutazama tu hazifai, na akiwa na miwili isizidi saa moja kwa siku. Kuongea na baba yake hiyo si katuni, hilo usilihofie.

SWALI: Mjukuu wangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitatu, neno ni "mama" tu, vingine anaonyesha na mkono. Mama yake alikuwa anamwongelea kitoto sana, watu wanasema ndiyo sababu. Wengine wanasema wavulana huchelewa, tungoje. Sikio lake moja hutoa usaha, linapona linarudi.
Jjajja, Bombo

JIBU: Jjajja, shikamoo. Msingoje. Na huyo mama msimlaumu, kusema kitoto hakujawahi kumfunga mtoto ulimi.

Mtoto akifika miaka miwili tunatazamia aunge maneno mawili, "taka maji", "baba kuja", kwa lugha yoyote ile. Huyu ana neno moja, na hapo hapo sikio linatoa usaha na kurudi. Usaha wa kurudi rudi unaweza kupunguza kusikia, na mtoto asiyesikia vizuri atajifunza maneno wapi? Hata kama siku nyingine anageuka ukimwita, hilo halitoshi kujua, maana anaweza kusikia mlango ukigongwa na asisikie "sa" na "sha".

Mpelekeni kituo cha afya wiki hii kwa ajili ya sikio, na mkiwa hapo mwambieni daktari waziwazi mambo mawili, kwamba usaha unarudi na kwamba mtoto haongei, kwa sababu mkisema usaha tu mtapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Ombeni barua ya kwenda kupimwa kusikia. Hospitali ya Mulago kule Kampala wana idara ya masikio, pua na koo, na kutoka Bombo siyo mbali. Wataalamu wa usemi ni wachache nchini na wengi wako Kampala, kwa hiyo ulizeni hapohapo Mulago. Semeni pia kama aliwahi kulazwa na malaria kali ama homa ya uti wa mgongo, kama anakuangalia usoni ukicheza naye, na kama kuna maneno alikuwa nayo yakapotea. Hilo la mwisho likiwepo, lisemeni la kwanza kabisa.

Mkingoja hiyo siku, ongea naye karibu, upande wa sikio zima, uso wako auone, sauti yako ya jjajja ile ile.