Usilipie pakiti ya hizo pete kabla hujazilaza chache kwenye maji ya chumvi

Dada, kesho usilipie pakiti nzima. Umeandika kwamba umepata mtu Kariakoo mwenye pete ndogo za rangi ya dhahabu, vile viduara vya waya vya kuunganishia hereni, kwa bei ya jumla, kakuhakikishia hazishiki kutu, na unataka kuzitungia shanga uuze alama za mishono, yaani vikumbusho vya kuvisha kwenye sindano au kwenye mshono, kwa wafumaji wa sweta na wa kroshia. Unauliza bei, unauliza rangi za shanga zinazopendwa, unauliza kama aina moja itawafaa wote. Mimi nimefika kwenye "hazishiki kutu" nikaacha chakula jikoni.

Maneno hayo niliambiwa vilevile. Muuzaji alizimwaga pete juu ya meza ya kioo, chini ya taa, akasema, "Mama, hii stenlesi, wajukuu watairithi." Kung'aa zinang'aa kweli, hata bati jipya linang'aa. Na kwenye simu kulikuwa na mwalimu mmoja wa video anayesisitiza kwamba pete yoyote ya kutengenezea hereni inafaa. Yoyote! Hereni inaning'inia hewani, dada. Alama inalala juu ya uzi mweupe wa mteja usiku na mchana.

Nilikuwa na oda ya sweta la mtoto mchanga, uzi wa pamba mweupe pe, linapelekwa Njombe, na baridi ya Njombe wote tunaijua. Ni lile sweta linaloanzia shingoni kushuka chini, mikono na mwili vinafumwa pamoja. Hapo alama nne ndizo zinazokuongoza, moja kila mahali mkono unapokutana na mwili. Ukiifikia alama unaongeza mshono kabla yake na mshono baada yake, kwa hiyo mzunguko wa kuongeza unakupa mishono minane. Pete yenyewe haiingii ndani ya mshono, inahama tu kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia. Ndiyo maana mtu anadhani haiwezi kudhuru chochote.

Ikaja masika. Zikaingia kazi nyingine za haraka, sweta likawekwa kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko lisipate vumbi, pete zikiwa bado kwenye sindano. Unaishi Dar, huhitaji kuelezwa habari za unyevu. Mwezi wa nne hata chumvi ya mezani inalowa yenyewe. Ukifunika dishi, jasho la mikono lililobaki kwenye uzi na ule unyevu vinafungiwa humo pamoja na chuma. Nilipofunua, pete kwa juu zilikuwa zinang'aa kama siku ya kununuliwa. Nikaisukuma moja kwa ukucha. Mshono wa kushoto na wa kulia wake vyote vina doa la kutu, na doa limeingia hadi ndani ya nyuzi zilizosokotwa, si la juu juu. Nikaigeuza pete kwenye mwanga: pale meno ya plaizi yalipobana wakati wa kuifungua na kuifunga, mpako umechubuka, na kutu imetokea kwenye mchubuko huo huo. Dhahabu ni ya nje tu. Ndani ni chuma cha kawaida.

Madoa manne, yote kwenye mabega, mahali ambapo hata kifungo huwezi kushonea ukafiche.

Nilimrudia yule muuzaji na ushahidi mkononi. Hakuniomba radhi. Akaniambia nikaloweke kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Watu wa namna hii wananitia hasira mpaka leo, kwa sababu klorini haitoi kutu, inaigandisha zaidi, na uzi wenyewe inaudhoofisha. Ndimu na chumvi juani, ile dawa ya bibi zetu, ilipunguza doa likawa njano hafifu, lakini njano hafifu kwenye sweta la kichanga mteja ataiona ndani ya sekunde. Kufumua peke yake hakukusaidia, maana doa liko kwenye uzi, linarudi nao. Inabidi ukate kipande kibovu uunge uzi mpya. Uzi mpya nao ukatoka loti nyingine, weupe wake unaelekea maziwa, wa kwanza unaelekea bluu, na ukiviweka pamoja unaona mstari. Sweta lote likaanzwa upya, kwa saizi kubwa zaidi kwa sababu mtoto hakusubiri, na kwa bei ile ile tuliyokubaliana. Mwenye pete alikula hela yake kamili.

Kwa hiyo sheria ni hii, na ningekuomba uishike hata kama utayasahau mengine: kitu chochote cha madini kitakachogusa uzi, kilaze kwanza usiku mzima kwenye maji ya chumvi. Usiamini lebo wala mdomo wa mtu. Nunua pete chache tu. Zifungue na kuzifunga kwa plaizi utakayotumia kazini, ili kama mpako unachubuka uchubuke sasa. Chukua uzi mweupe wa pamba, uzungushie kwenye pete, chovya kwenye maji ya chumvi, weka ndani ya kikombe ukifunike na kisahani. Asubuhi fungua uzi uutazame. Rangi ya chungwa ni chuma kilichopakwa. Kijani au bluu ni shaba, au mchanganyiko wenye shaba. Uzi ukitoka mweupe, rudia usiku mwingine, ndipo ukanunue pakiti.

Sumaku ya spika mbovu inasaidia pale pale dukani: pete ikinata, iogope. Isiponata usishangilie, shaba hainati na kijani chake kinaharibu nguo vilevile.

Na shanga zipitie maji hayo hayo. Zile ambazo rangi imepakwa juu ya kioo zinatoa rangi, hasa nyekundu na zambarau, na shanga inabaki imepauka. Kioo ambacho rangi imo ndani ya kioo chenyewe hakikusumbui.

Ukiniuliza natumia nini sasa, pete nimeacha. Nanunua mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, unene wa nusu milimita. Nakunja kitanzi kinachopita kwa ulaini kwenye sindano, yaani kwa sindano ya milimita 4 kitanzi kiwe na upana wa milimita 7 au 8. Ncha zote mbili napitisha pamoja ndani ya shanga, nafunga fundo chini ya shanga ya mwisho, nakaribisha moto wa kiberiti kwa mbali mpaka ncha iyeyuke iwe kidonge, kisha nalivuta fundo likaze kwenye mdomo wa tundu. Shanga iwe namba 6, kama milimita 4 hivi, maana namba 11 ni ndogo mno na tundu lake halipitishi nyuzi mbili za unene huo. Usirundike shanga nyingi, uzito unavuta mishono na kuiachanisha. Faida nyingine, mshipi hauna mwanya. Pete ya kuunganisha ina mwanya, na uzi mwembamba huingia humo ukakwama.

Kwa kroshia kitanzi hicho hakifai. Kule alama inavishwa kwenye mshono wenyewe, na iliyofungwa haitoki mpaka uikate. Wanahitaji inayofunguka, kama ndoano ya hereni yenye kufuli nyuma. Hiyo ni madini, kwa hiyo usiku mzima kwenye maji ya chumvi, bila kuionea huruma hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kesho nenda na hela ya pete kumi tu, ujaribu, keshokutwa asubuhi weka hapa picha ya uzi tuuone, na ukiwa mweupe rudia usiku wa pili kabla hujarudi kuchukua pakiti.