Nguzo ya Zege Katikati ya Msitu

SWALI: Shikamoo Mzee. Ninafanya kazi ya kutunza wazee hapa Perth, Uskoti. Majuzi wenzangu wa kazini walinipandisha kilima chenye msitu mzito. Tukakanyaga matope weee, mwisho tukafika kwenye nguzo ya zege inayonifika kifuani. Wakaigusa, wakapiga picha, safari ya kurudi ikaanza! Hata mandhari hakuna, miti mitupu. Lile ni kaburi au ni nini? Na nikitaka kwenda peke yangu, naomba ruhusa kwa nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaburi hapana. Umenigusa kwenye fani yangu, maana upimaji ardhi niliusomea hukohuko Uskoti, Glasgow.

Hiyo ni nguzo ya wapima ramani. Shirika la ramani la Uingereza, Ordnance Survey, lilianza kuzijenga miaka ya 1930 ili kuipima nchi upya kwa pembetatu. Zilijengwa zaidi ya 6,000, na kazi ikakamilika mwaka 1962. Mpimaji alifunga theodolaiti, yaani chombo cha kupimia pembe, juu ya nguzo, akasoma pembe kuelekea nguzo za vilele vingine, mara nyingi usiku kwa kulenga taa iliyowashwa huko mbali. Ukiwa na umbali mmoja uliopimwa sawasawa, pembe zinakupa umbali mwingine wote.

Siku ukirudi, usiiguse tu na kuondoka. Chungulia juu: kama bado lipo, utaona bamba la shaba lenye mifereji mitatu, ndipo miguu ya theodolaiti ilipokaa. Chini ubavuni tafuta kipande cha chuma chenye namba na herufi OS BM.

Sasa miti. Nguzo isiyoona wenzake haina kazi, kwa hiyo wakati wa kupima lazima kilele kilikuwa wazi. Misitu mingi ya mbao ya Uskoti ilipandwa karne ya 20, na aliyewahi kuingia msitu wa kupandwa wa Sao Hill, Tanzania, anajua misonobari ikishafunga juu inakuwaje. Leo vipimo vinatoka kwa satelaiti, basi nani atahangaika kufyeka?

Na aliyebuni nguzo hizo, Martin Hotine, kabla ya hapo alikuwa Tanganyika, miaka ya mwanzo ya 1930, akipima sehemu yetu ya mnyororo wa pembetatu unaofuata longitudo ya 30. Mimi hilo hunifurahisha kuliko nguzo yenyewe.

Ruhusa huombi kwa mtu. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inamruhusu yeyote kutembea milimani na misituni, hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi awe mstaarabu: geti ulilolikuta limefungwa lifunge, mazao usikanyage, uani kwa mtu usipite. Ukikuta kibao kwamba wanakata miti, geuka. England mambo ni tofauti, usije ukajaribu huko.

Ninachokuhofia zaidi ni kupe. Wa huko ni wadogo kama punje ya ufuta, wanakaa kwenye majani marefu na wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi, jikague ukifika nyumbani, umtoe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi. Ngozi ikifanya duara jekundu linalotanuka, muone daktari. Na Desemba toka mapema, kabla ya saa kumi alasiri jua limeshazama.

Kwenye ramani nguzo ni pembetatu ya buluu yenye nukta ndani. Kwa kuwa uko Perth, anza na kilima cha Kinnoull, kimo chake mita 222 tu. Unapita msituni, unaikuta nguzo kileleni, na safari hii mandhari yapo: mto Tay uko chini yako. Ila upande huo ni genge tupu, selfi pigia mbali na ukingo.