Kisigino Kikiuma Asubuhi, Usikimbilie Kukikanda Tu

Kwa miezi minne nilianza kila siku kwa kuchechemea. Nikishuka kitandani tu, kisigino cha kulia kinachoma utadhani nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinalegea. Nikikaa saa moja na kuinuka, kinaanza tena. Nilidhani ni mfupa. Kumbe ni fashia.

Kama umewahi kumwona mnyama akichunwa, fashia umeiona: ule utando mweupe unaong'aa juu ya nyama. Sisi pia tunao. Umezunguka kila msuli, umepenya katikati ya nyuzi zake na kushikana na kano na mifupa. Protini iitwayo kolajeni ndiyo inayoupa uimara, na kati ya tabaka zake mna ute unaozifanya ziteleze. Una mishipa ya fahamu pia, kwa hiyo ukiuchokoza utajua.

Utando wa chini ya wayo ni mnene, na umetandazwa kutoka mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Vua kiatu usimame, kisha mwombe mtu akuinulie kidole gumba cha mguu. Utaona uvungu wa wayo unapanda wenyewe. Ni ule utando umekazwa, kama kamba inayopita kwenye kapi, na ndivyo unavyokazwa kila unapoinua kisigino kupiga hatua.

Kosa langu mimi ni tamaa. Nilikuwa nakimbia kilomita 3, nikaruka hadi 8 ndani ya wiki mbili. Kisha nikaongeza la pili: kila jioni nilikandamiza wayo juu ya mpira mgumu mpaka ukavilia damu, nikiamini "naulainisha" utando. Utando ule haulainiki hivyo. Ni mgumu mno kurefushwa kwa kukandwa. Nafuu niliyoipata ilikuwa ya mishipa ya fahamu kutulia, na asubuhi haikuwepo.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia utando unataka mzigo, ila kwa kipimo. Nikunje taulo niliweke chini ya vidole kwenye ukingo wa kipandio cha ngazi, kisigino kikining'inia. Niinue kisigino kwa sekunde 3, nitulie 2, nikishushe kwa 3. Siku moja ndiyo, moja hapana. Nilianza na miguu yote miwili, baadaye mmoja, mwishowe na begi la vitabu mgongoni. Mbio nilizipunguza, sikuziacha kabisa.

Wiki za mwanzo sikuona kitu, na nusura niache. Kolajeni hujijenga polepole kuliko msuli, na hilo laiti ningeambiwa mapema. Ila ukiona ganzi, uvimbe, au maumivu yanayokuamsha usiku, achana na taulo uende kwa daktari.

Karibu na mwezi wa tatu niliamka, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba sijachechemea.