Ukianza kusoma historia ya wanawake wa Misri, anza na Naunakhte

Ndugu mnaoanza somo hili, najua mtavutwa kwanza na Hatshepsut na Cleopatra. Wasomeni, ila maisha ya malkia hayakuelezi mwanamke wa kawaida alikuwa na haki gani. Hilo utalipata kwenye wosia, mikataba ya ndoa, hati za mauzo na kesi za madeni.

Mimi huwaelekeza wanafunzi kwa Naunakhte wa Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao. Karibu mwaka 1145 kabla ya Kristo, enzi ya Ramesses V, alifika mbele ya baraza la kijiji akajitaja kuwa mwanamke huru. Akasema amelea watoto wanane na kuwapa vya kuanzia maisha, na sasa amezeeka, wengine hawamtunzi. Basi anayemshika mkono atamrithi. Asiyemjali hapati kitu katika mali yake. Mwana mmoja aliongezewa bakuli la shaba. Isome hati hiyo polepole. Fungu la baba yao hakuwanyima, maana halikuwa lake kulinyima. Na aliyezungumza ni yeye mwenyewe, si mume.

Lakini usikimbilie kuandika kwamba walikuwa sawa na wanaume. Ukarani, ngazi ya kupandia vyeo, ulikuwa karibu wote mikononi mwa wanaume.

Ukifika zama za akina Ptolemaio, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri, tazama lugha ya hati kabla ya yaliyomo. Kwenye mkataba wa Kigiriki mwanamke alihitaji msimamizi wa kiume. Kwenye ule wa Kimisri aliuza shamba kwa jina lake. Nchi moja, wakati mmoja! Hapo ndipo wengi wanapoacha kudhani kwamba haki huongezeka tu kadiri miaka inavyokwenda.

Karne ya 20 nayo uisome kwa jicho hilohilo. Mwaka 1951 Doria Shafik, mtetezi wa haki za wanawake, aliongoza wanawake wapatao 1,500 kuvamia bunge mjini Kairo wakidai haki ya kupiga kura. Haki hiyo ilikuja na katiba ya 1956, lakini angalia masharti: kwa mwanamume kupiga kura kulikuwa lazima, mwanamke alitakiwa aombe kusajiliwa. Mwaka uliofuata Rawya Ateya alichaguliwa mbunge. Halafu sheria ya mwaka 2000 ikamruhusu mke kujivua ndoa kwa khului bila kuthibitisha kosa la mume, mradi arudishe mahari na asamehe madai yake ya fedha. Anayetafuta mada ya utafiti aanzie hapo: mke asiye na cha kurudisha anafanyaje?